Kabla Hujanisifu Mtito Andei

Syombua, mwaitu, mama yangu mdogo,

Niko stoo ya mashini, nimekalia ile spika kubwa iliyopasuka, na nawasikia hadi hapa. Mko kanisani, wewe na mama yako, unaombewa safari. Mimi niliwaambia kichwa kinaniuma. Hakiniumi. Nawasikiliza kupitia spika zangu mwenyewe, zile nilizowapa watu wa kanisa bure, na mchungaji ameshaingia kwa maombi ya Kikamba. Unamjua, akiingia kwa Kikamba hatoki upesi. Lakini wimbo wa kufunga ukianza, kutoka hapo hadi mlango wetu ni kuvuka soko tu, kwa hivyo naandika mbio na mwandiko utausamehe.

Mambo ya kula na kulala huko Mtito Andei sikuandikii. Mama yako amekufundisha tangu Jumapili, mpaka jinsi ya kukunja neti, kana kwamba unaenda kuishi mtoni. Mimi nakujibu swali la leo mchana, basi.

Uliniomba mashini, spika na jenereta. Ulisema, "Baba, kikundi chetu hakina pesa ya kukodisha. Si utupee yako, Jumamosi tu?" Nikasema chukueni, kwa sababu nilikuwa nimeshiba na nilikuwa naona fahari. Mtoto wangu anaenda kujitolea mwaka mzima, anaanza na siku ya kuhamasisha watu juu ya ukimwi, anataka spika za baba yake. Nikataka hata kuongeza zile ndogo. Halafu ukatoa simu ukatusomea yale utakayosema ukishika maiki. Ulisoma vizuri, haki ya Mungu. Ulisoma vile mama yako alipimwa ukiwa tumboni, vile alikunywa dawa ukazaliwa bila virusi, vile anazinywa mpaka leo na ana nguvu za kukimbiza kuku. Mama yako alikuwa amekuruhusu kusema hayo yote, na nilimwona akitabasamu. Halafu ukafika hapa: "Na baba yangu, ambaye hana virusi, hakumwacha mama. Alimsamehe. Natamani kila mwanamke apate mwanaume kama baba yangu."

Hapo ndipo niliposema mashini haiendi popote.

Ukaniangalia kama mtu aliyepigwa. "Kwa nini, Baba? Unamwonea mama aibu?" Mama yako akatabasamu tena, lakini si lile tabasamu la kwanza. Akakunja kitambaa cha meza, akakikunja tena, akasema, "Kyalo, mjibu mtoto." Mimi nikatoka nje nikaenda kupima maji ya betri ambazo hazikuwa na shida yoyote.

Sasa nakujibu. Mwaitu, mimi nina virusi. Na ni mimi niliyemwambukiza mama yako.

Soma tena kama unataka, halafu uendelee mbele. Usije kunipigia kelele kabla hujamaliza, maana nikishaanza kujitetea kwa mdomo nitashinda. Unanijua. Mdomo ndio kazi yangu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kabla sijaoa nilikuwa natembea na mashini za mzee mmoja, barabara ya Mombasa juu na chini. Mchana mkutano wa injili, usiku disko. Mashini ni zile zile, tulikuwa tunabadilisha kanda tu. Mtito Andei ndiyo ilikuwa kambi yetu, na kijana mwenye maiki pale hakosi rafiki. Sitakuambia zaidi ya hapo, wewe ni mtoto wangu na kuna mambo hayasomwi na mtoto. Nilirudi hapa Kwa Vonza nikiwa na mashini yangu mwenyewe na jina, Kyalo wa Spika, nikaokoka, nikamwona mama yako kwenye kwaya.

Kanisa letu wakati huo lilikuwa na sharti. Ukitaka kufungishwa ndoa, nyote wawili mnapimwa kwanza. Mama yako alienda Kitui mjini, akapimwa, akarudi akamwambia mchungaji, niko sawa. Mimi nilisema nimepimwa Mtito. Ni kweli nilifika kliniki ya Mtito. Nilifika mpaka mlangoni, nikaona benchi limejaa, nikaona watu wawili wanaonijua, nikageuka nikaenda kula chipsi. Mchungaji hakuuliza zaidi. Ni nani angemuuliza fundi wa spika wa kanisa, na yeye ndiye anamwekea mchungaji maiki mkononi kila Jumapili?

Mama yako aliniuliza mara moja tu. "Wewe nawe, walikuambiaje?" Nikamwambia, "Kwani unanionaje?" Akacheka. Hilo ndilo jibu nililompa mtu aliyekuwa anataka kulala kitanda kimoja na mimi maisha yake yote.

Sasa ile siku. Wewe unajua nusu yake. Unajua kulikuwa na siku ya ukimwi hapa Kwa Vonza, mama yako akapimwa kwenye tenti, wewe ukaokolewa. Kila mara ukisimulia unasema "tenti iliniokoa." Hakuna aliyewahi kukuambia nani alikuwa na maiki siku hiyo.

Tulikuwa tumejitolea, kanisa zima. Tulipewa fulana nyeupe. Akina mama walikuwa wanagawa maji, vijana wanapanga viti, mimi nimeleta mashini bure na mdomo bure. Ilikuwa siku ya soko, kwa hivyo watu walikuwa wengi kweli kweli, lakini walikuwa wamesimama mbali. Hakuna aliyetaka kuonekana akiingia kwenye ile tenti. Mchungaji akaona aibu, akawaendea wake zetu akawaambia, "Hebu ninyi muanze, watu wawaone." Hayo mimi sikuyasikia. Nilikuwa nimeinama nyuma ya jenereta, natoa uchafu kwenye plagi.

Tenti yenyewe tuliiweka mbele ya watu, mkono wa kulia wa jukwaa. Tulifikiri tumefanya la maana, watu waone si kitu cha kuogopa. Hakuna aliyefikiria jambo moja dogo. Aliye salama anadungwa kidole, anangoja kidogo, anaambiwa, anatoka. Lakini aliyepatikana na virusi anadungwa tena ili wahakikishe, halafu anakaa na kaunsela, anaelezwa, analia, anapewa maji. Anachelewa. Umati wa sokoni si mjinga. Kabla ya saa sita watu walikuwa wameshaelewa, na macho yote yakahama kutoka kwangu yakaenda mlango wa tenti. Wanaangalia nani ameingia na nani hajatoka.

Nami nikaona napoteza watu. Mtu wa maiki akiona macho yamehama anasikia njaa, sijui nikuelezeje. Nikauliza jamaa mmoja aliye mbele, "Kwani mnaangalia nini?" Akasema, "Kuna mwanamke ameingia zamani, hatoki." Nikacheka kwenye maiki. Nikatoa ile sauti yangu ya harusini, unaijua, ile ninayotumia bibi harusi akichelewa kutoka nyumbani kwao. "Bibi harusi, toka tukuone! Wageni wamechoka! Ama umepanga nyumba huko ndani?"

Soko lote likaanguka kwa kicheko. Nikaongeza. Nikaweka ule wimbo wa kumtoa bibi harusi, na watu wakaanza yale makofi ya pole pole, pa, pa, pa, vile wanamwita msichana atoke na shela. Nilikuwa nimewarudisha wote kwangu. Nilifurahi, Syombua. Lazima nikuambie kwamba nilifurahi.

Pazia la tenti likafunguka na wa kwanza kuonekana ulikuwa wewe, lile tumbo, chini ya ile fulana nyeupe. Halafu uso wa mama yako.

Alisimama pale. Makofi yakaendelea kidogo, maana wa nyuma hawakuwa wameona ni nani, halafu yakafa. Wimbo ulikuwa unaendelea. Aliniangalia moja kwa moja, hakukasirika, alikuwa kama mtu anayengoja kuambiwa afanye nini. Nilikuwa na maiki mkononi. Ningeweza kuiweka chini nikaenda nikamshika mkono, na sisi wawili tukarudi ndani ya tenti nikatoa kidole changu mbele ya watu wote. Ilikuwa ni kushuka jukwaani tu. Badala yake nikasema, "Haya, tuendelee na kwaya ya vijana," nikaongeza sauti. Mama yako akapita katikati ya watu, wakampisha, akatembea peke yake mpaka nyumbani.

Nimekuwa nikisikia ule wimbo kwenye harusi za watu tangu wakati huo. Wananilipa niuweke, nauweka.

Hapa kwetu anayejulikana kwanza ndiye anayehesabiwa ameuleta ugonjwa. Kesho yake susu yako, mama yangu, alikuja asubuhi, mkali. Alisema mbele yetu sote, "Huyu msichana ametuletea kifo kwa boma." Nilikuwa nakunywa uji. Mama yako alinigeukia mimi, kwa sababu sisi wawili tu ndio tuliojua nilivyomkwepa alipouliza habari zangu kabla ya harusi, yeye akiwa ameshapimwa yuko salama. Alikuwa ananingoja niseme neno moja tu. Nikasema, "Huu uji una moto sana."

Aliondoka siku hiyo hiyo akaenda kwao Nunguni, kule juu kwenye baridi, na mimba na begi moja. Ndiyo sababu ulizaliwa Nunguni. Tulikuambia alienda kupumzika kwa sababu huku joto lilikuwa kali. Huko ndiko alikopewa zile dawa za kukukinga, na alizinywa akiwa peke yake, bila mtu wa kumuuliza kama amekula.

Nilikaa hapa. Sikumfuata. Nilikuwa nawaambia watu nangoja Mungu anionyeshe njia, na watu wananishika bega, pole Kyalo, pole. Nikazoea pole.

Halafu likaja neno kutoka Nunguni, mtoto amezaliwa, ni msichana, anaitwa Syombua. Unajua mila yetu, msichana wa kwanza anachukua jina la mama ya baba. Lakini mama yako alikuwa amefukuzwa na huyo huyo mama ya baba. Angekupa jina la kwao na hakuna mtu angefungua mdomo. Susu aliposikia alikaa chini pale pale jikoni akalia kwa sauti. Kesho yake, kabla ya jogoo, alikuwa mlangoni kwangu na kiondo. "Amka. Nimezaliwa Nunguni na hakuna mtu wa kwetu amekuja kuniona." Ndivyo tulivyowaendea. Ni susu aliyekwenda, mimi nilibeba kiondo tu.

Na hapo ndipo uongo wangu ulipovaa suti. Tulipowarudisha nyumbani, susu alitangazia Kwa Vonza nzima kwamba mwanawe amesamehe. Na mimi sikukataa. Mchungaji akaniita kanisani Jumapili ya wenye ndoa nitoe ushuhuda, vile mwanaume anaweza kumpokea mke wake. Niliutoa. Niliutoa vizuri, na sauti ikakatika pale inapofaa kukatika. Watu walisimama wakapiga makofi, na mama yako naye akasimama, maana wote walikuwa wamesimama. Wewe ulikuwa mgongoni kwake umelala.

Nilipimwa ulipoanza kutembea. Si kwa ujasiri, usinipe sifa nyingine bure. Nilikuwa nakohoa, spika niliyokuwa nainua peke yangu ilikuwa inataka watu wawili, nikaogopa. Nikaenda Mtito kwa sababu huko si kwetu. Nikaambiwa kile nilichokuwa nimeshajua. Nikarudi nikamkuta mama yako anapepeta ndengu, nikamwambia. Hakuacha kupepeta. Akasema, "Najua. Nilikuwa nangoja wewe ujue." Nikamuuliza kama atawaambia watu. "Hiyo si kazi yangu, Kyalo. Ni yako." Akamwaga ndengu kwenye gunia, akanipakulia chakula. Mpaka leo mchana hakuwahi kulitaja tena. Unaelewa sasa kwa nini aliposema mjibu mtoto nilitoka nje.

Zile safari zangu za kwenda Mtito eti kutafuta spea, Mtito hakuna spea, mwanangu. Spea ziko Machakos. Ulipokuwa darasa la sita uliniuliza, "Baba, mbona huwa unarudi na machungwa tu?" nikakuchekesha mpaka ukasahau. Dawa ninazofuata huko ziko ndani ya spika hii niliyokalia. Ndiyo maana haijawahi kutengenezwa.

Naendelea vizuri, usiogope. Daktari anasema virusi vyangu vimelala, havionekani hata kwenye damu, vya mama yako vile vile. Siogopi kufa. Hofu yangu ni nyingine.

Pale Mtito kuna mama mwenye hoteli karibu na kituo cha petroli, ambaye hukaa nami benchi moja tukingoja dawa. Hunitania kwamba nanenepa. Kuna madereva wa malori tunaojuana kwa jina la utani. Kuna kaunsela ambaye nimemlilia mbele yake. Hao ndio watakaokaa mbele yako Jumamosi. Na wewe na hiyo sura yangu uliyonayo, ukisema unatoka Kwa Vonza, baba yako ni fundi wa spika, watajua mara moja. Halafu utawaambia baba yako hana virusi na alisamehe. Hawatasema kitu, ni watu wa kutunza siri. Wataangalia chini. Wewe utafikiri umewagusa mioyo. Na mama yako, hata akiwa huku nyumbani, atakuwa anasamehewa tena kwa kosa langu, safari hii kwa mdomo wako.

Nilifikiria nikuambie tu uondoe hayo maneno kwenye simu. Ungeyaondoa. Ungeona ni unyenyekevu na ungeniheshimu zaidi. Nilikuwa karibu kufanya hivyo, hata nilikuwa nimeshafika mlango wa jikoni kuja kukuambia, nikakukuta unamwonyesha mama yako fulana yako mpya ya kujitolea. Nyeupe. Ukaivaa juu ya nguo ukazunguka. Nikarudi stoo.

Naogopa watu wa kanisa, sitakudanganya. Naogopa harusi zitakwisha, maana nani anataka mtu kama mimi amtangazie bibi harusi wake? Namwogopa susu yako zaidi. Mama huyo mzee ameshinda miaka akinisifia sokoni, na kesho ukishaondoka, kabla sijakunywa chai, nitaenda nyumbani kwake nimwambie alimfukuza asiye na kosa kwa sababu mwanawe alikuwa anapuliza uji. Lakini kuliko hao wote nakuogopa wewe. Tangu uzaliwe hujawahi kuniangalia kama mtu mdogo. Nimeipenda hiyo sura unayoniangalia nayo. Nimeilinda kwa uongo kwa sababu niliona sina kitu kingine cha kukupa, na sasa naona nilikuwa nakuibia.

Usinisamehe haraka kwa sababu unasafiri. Nenda na hasira yako, utaitumia.

Jambo moja la kazi, na hili si ushauri, hili naliomba. Ukifika Mtito, kabla spika hata moja haijawashwa, nenda ukaangalie wameweka tenti wapi. Wakikuambia iwe mbele ili watu wasiogope, kataa. Pigana nao kama ni lazima. Iwekwe nyuma, iwe na mlango wa kuingia na mlango mwingine wa kutokea, na viti vyote viangalie upande mwingine. Na wote wanaoingia wakae ndani muda sawa, hata aliye salama, wamweke hapo wapige hadithi, wamuulize habari za mahindi. Asitoke mtu mapema akawaachia wengine kuhesabiwa. Na aliye na maiki akianza kuangalia tenti, mnyang'anye.

Mchungaji amefika kwa amina ya kwanza. Bado zipo nyingine, lakini naona amechoka.

Basi jibu la mashini. Mashini inakuja Mtito, na mimi nakuja nayo. Jumamosi alfajiri nitapakia kila kitu kwenye pikapu, nipitie Kitui, Mutomo na Kibwezi, na nitafika kabla watu hawajakaa. Mama yako nitamuuliza leo kama atakaa mbele na mimi au atakuja siku nyingine akipenda, na akikataa atakuwa na haki. Wewe hutaongea wa kwanza. Nitaongea mimi. Nitasema naitwa nani, natoka wapi, nilipitia wapi, nilimwambukiza nani, na nilinyamaza wapi. Mama mwenye hoteli akiangalia chini, aangalie. Nikimaliza nitakupa maiki, na utasema habari za mama yako vile zilivyo, bila mtu wa kumsamehe.

Huo hapo, wimbo wa kufunga. Nasikia sauti ya mama yako juu ya zote, vile nilimsikia siku ya kwanza.

Nilikuwa nimepanga kuzificha karatasi hizi kwenye begi lako uzikute ukiwa mbali. Sizifichi. Nitakupa mkononi, hapo mlangoni, mama yako akiwa amesimama. Utakuwa na usiku mzima wa kuniangalia upendavyo.

Lakini nakujua, na najijua mimi. Nikishika maiki na kuona watu, mdomo wangu utatafuta kicheko kwanza. Utawachekesha ili wanipende kabla sijasema, na wakishanipenda sitasema. Kwa hivyo Jumamosi usikae na watu. Kaa nyuma yangu, kwenye jenereta. Swichi nyekundu unaijua, mimi ndiye niliyekufundisha. Nikianza kuwachekesha watu kabla sijasema jina la mama yako na langu, zima.

Baba yako,
Kyalo